Mshukiwa wa Ebola katika kituo cha afya: kumtenga hapo hapo au kumkimbiza hospitali?

Kumkimbiza kwa bodaboda au matatu huonekana huruma, lakini dereva na kila aliyegusa matapishi ya mgonjwa wataingia kwenye orodha ya kufuatiliwa siku 21. Ndivyo ugonjwa unavyotoka kijiji hadi mji.

Kumtenga kituoni kuna kazi zaidi, na bado ndiko bora. Mpe chumba chenye choo chake, au ndoo yenye mfuniko. Mhudumu awe mmoja, daftari libaki nje. Pigia simu ofisi ya afya ya wilaya. Gari maalumu litamfuata, na kwa Uganda, sampuli ya damu itakwenda maabara ya Entebbe. Damu iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze inaweza kudanganya kwamba hana Ebola, basi hurudiwa.

Klorini ya 3.5%: kikombe kimoja kwa maji vikombe sita hutoa 0.5%, kwa sakafu na vyombo. Kwa mikono ni 0.05%. Changanya upya kila siku, maana ya jana imeshapungua nguvu. Wahudumu wengi huambukizwa wakivua glavu na gauni, wala si wakivaa. Vua taratibu, mwenzako akikutazama.

Mgonjwa apewe maji ya chumvi na sukari akisubiri. Kutengwa si kutelekezwa.