Sanduku la Kufuli Tatu: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja wa Akiba ya Ukoo

Sanduku la chuma lenye kufuli tatu ni kifaa cha vikundi vya akiba na mikopo vijijini, katika mfumo ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991. Sisi tulilinunua kwa ajili ya ukoo wetu, watu 17 wa nyumba nne zinazopakana katika vihamba (mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba) vya Rombo, Kilimanjaro, kwa shilingi 90,000, na kwa bei hiyo ningelinunua tena.

Kwa desturi ya Kichagga, fedha ya kahawa hushikwa na baba, ilhali ndizi na maziwa ni vya mama. Fedha ya kahawa huja kwa mkupuo na kila mtu huijua. Ya ndizi huja kidogo kidogo siku za soko, na huishia kwenye chumvi, sabuni na madaftari ya watoto kabla hata mtu hajaiona. Hapa ndipo sanduku lilipotufaa kuliko tulivyotarajia. Kila Jumapili alasiri mama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, kwa shilingi 2,000 kila moja, na kijitabu chake hugongwa mihuri mbele ya wote. Mwezi wa sita, mdogo wangu alipopungukiwa ada ya chuo, mkopo wake ulitoka humo, na sote tuliokuwa tumeketi pale tulijua kwamba sehemu kubwa yake ni ndizi za mama. Nilimwona baba akikichukua kile kijitabu na kuihesabu mihuri kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, bila kusema neno.

Kasoro zipo. Bawaba zilikuwa zimefungwa kwa bolti upande wa nje, hivyo mwenye spana angeweza kulifungua bila kugusa kufuli hata moja; ilibidi tulirudishe kwa fundi azichomelee kwa ndani. Anayenunua na akague bawaba kabla ya kulipa. Kubwa zaidi ni suala la funguo, ambazo hushikwa na watu watatu tofauti: shemeji alipokwenda Moshi kuuguza, mfuko wa jamii, yaani fedha za kusaidiana wakati wa shida zinazowekwa humo humo sandukuni, ulibaki umefungwa siku mbili nzima ilhali shangazi amefiwa. Sasa anayesafiri humwachia ufunguo mtu wa nyumba nyingine, lakini kamwe si yule anayelitunza sanduku.