Discraft Ultra-Star gramu 175: kisahani cha mwaka wa kwanza chuoni

Klabu nyingi za Ultimate, mchezo wa timu mbili wa kurushiana kisahani, katika vyuo vya Marekani hupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao hawajawahi kurusha kisahani. Vifaa ni vichache: viatu vya njumu za plastiki (za chuma haziruhusiwi), fulana moja nyeupe na moja nyeusi, na kisahani cha mazoezi. Refa hayupo, wachezaji saba kwa saba huamua faulo wenyewe.

Hela hupotea kwenye kisahani, mtu anaponunua kile chepesi cha ufukweni. Hicho huyumbishwa na upepo mdogo tu, na mkono ukikizoea itabidi ujifunze upya. Ultra-Star ina gramu 175 na kipenyo cha sentimita 27 na ushei, na imekuwa ikitumika rasmi katika mashindano ya Marekani tangu 1991. Watengenezaji wake, Discraft, wana pia J-Star ya gramu 145, ila hiyo ni ya watoto.

Kikiwa kipya huteleza. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Adui wake mkubwa ni lami: ukingo huchubuka, na michubuko hiyo hukata vidole. Isugue kwa msasa laini. Kikiachwa garini juani hupinda. Kichovye kwenye maji ya moto yasiyochemka, kisha kilaze kifudifudi sakafuni mpaka kipoe. Usikiwekee kitabu juu, utabonyeza mgongo wake.

Lawama nyingine si zake. Kurusha kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati vikiwa ndani ya ukingo na gumba juu, ndiko kunakowashinda wanaoanza. Kikitetemeka hewani, mzunguko hautoshi: bana kiwiko karibu na ubavu, piga kwa kifundo cha mkono, bega litulie. Upepo wa usoni hukiinua, kwa hiyo inamisha ukingo wa mbele na uongeze mzunguko, si nguvu. Wa mgongoni hukiangusha mapema.

Chagua cheupe, cheusi hupotea jioni ikiingia. Penye theluji, chukua cha rangi kali. Kimoja kinawatosha watu wawili, lakini anayefanya mazoezi peke yake anunue vitatu au vinne, la sivyo muda wote utaishia kukifuata.