Meza ya poka ya kujitengenezea: miezi minne baadaye

Haya, habari zenu jamani. Leo sina boksi la kufungua. Bidhaa yenyewe ndiyo hii niliyoiegemea: meza ya poka, futi nane kwa nne, imetengenezwa hapa hapa uani kwangu nikisaidiwa na fundi sofa mmoja wa Keko. Ina miezi minne. Imeshamwagiwa soda, imeshalaliwa na mtoto, na kila Jumamosi usiku inachezewa. Kwa hiyo naichambua kama ninavyochambua simu. Kizuri nitakisema, kibovu nitakisema, na vibovu vingi ni vya mikono yangu mwenyewe.

Wale wa Kenya mnaonitazama, tuelewane kwanza. Poka ninayoisema si ile yenu ya kufuatisha namba na rangi, huku kwetu tunaiita lasti kadi. Ile unaicheza hata juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hii ni Texas Hold'em: karata mbili mkononi, tano zinafunuliwa mezani, na chipsi za kuwekea dau. Za plastiki lakini, si za mayai. Sisi tunachezea zamu ya kununua nyama. Biashara ya kamari ina leseni zake, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kwa ajili hiyo. Mimi huko simo.

Sasa utaniuliza, meza ya chakula ina kosa gani? Sogeeni karibu niwaonyeshe. Hii ree ya kopa naiweka juu ya mbao tupu. Naitaka niichungulie bila jirani kuiona. Ona kucha inavyoteleza. Inabidi niiburute hadi ukingoni, na mpaka ifike huko, wa kulia ameshaiona, wa kushoto ameshaiona. Haya, naileta kwenye meza yangu. Nabonyeza kitambaa kando ya pembe, kinadidimia kidogo tu, unene wa kucha, kidole kinaingia chini ya karata, nachungulia, narudisha. Basi. Meza nzima nimeijenga kwa ajili ya kitendo hicho kimoja.

Na hapo ndipo nilipopoteza hela. Watu wengi, na mimi nikiwemo, tunahangaika na mbao. Nilitaka mninga, nikataka vanishi inayong'aa, kumbe kinachoamua ni vitu viwili ambavyo mgeni akija hata havitazami: kitambaa, na kilicho chini ya kitambaa.

Mara ya kwanza niliweka sponji ya sofa, inchi moja. Tamu kuishika, balaa kuichezea. Ukipanga chipsi ishirini, mnara unainama kama mlevi anayetafuta mlango wake. Nikaing'oa. Nilichoweka sasa ni mikeka ya mazoezi, ile ya kukunja ambayo watu wanalalia wakinyoosha viungo, unene milimita sita. Mitatu inatosha uso wote wa kuchezea ukiikata kwa akili. Iunganishe ncha kwa ncha, usiipandishe. Mimi hapa katikati niliacha upenyo mdogo kama wa njiti ya kiberiti, na leo ukipitisha kidole unausikia. Haunikwazi kwenye mchezo, ila najua upo.

Kitambaa nimejaribu aina tatu. Velveti, yaani mahameli, inapendeza kwenye kamera kuliko zote. Lakini karata ukiisukuma inakwama, na kila punje ya vumbi la Dar inabaki hapo hapo. Tena nilikuwa nimeibandika kwa gundi. Siku ya kuitoa ilichanika vipande, ikaacha madonge, nikakaa na msasa Jumapili nzima. Ya pili ni kitambaa cha meza ya pulu. Imara kweli, ila kimefumwa kwa ajili ya mpira, na bei yake si ya mchezo wa nyama. Cha tatu ndicho hiki: kitambaa cha sare za shule, kijani, kutoka Kariakoo. Msicheke. Ni polista iliyofumwa kwa kubana, haina manyoya, upana wake inchi sitini kwa hiyo unafunika meza bila kuunga. Tazama karata, naisukuma kwa kidole kimoja... imevuka mpaka upande wa pili. Kasoro yake moja: soda ikimwagika inanywewa. Vile vitambaa maalumu vya kasino vina dawa ya kuzuia maji, hiki hakina. Doa lile pale ni la stroberi.

Kwa hiyo funga kitambaa kwa pini za stepla upande wa chini, usitumie gundi. Anza katikati ya kila upande, vuta, piga pini, hamia upande wa pili unaotazamana nao. Ukianza kwenye mviringo utapata mikunjo na hutaitoa.

Umbo ni rahisi kuliko linavyoonekana. Wamarekani wengi walishikwa na wazimu wa poka baada ya mwaka 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alipochukua ubingwa wa dunia Las Vegas na dola milioni 2.5. Vipimo vya meza zao za nyumbani vinafuata plaiwudi ya futi nane kwa nne, na bahati yetu ni ile ile ya duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani. Unapima futi mbili kutoka kila mwisho, unagonga msumari katikati, unafunga kamba ya futi mbili na penseli, unazungusha nusu duara. Futi nne za katikati zinabaki zimenyooka. Mzunguko wote unakuja futi ishirini na nusu hivi. Kila mchezaji anahitaji futi mbili, hivyo kwenye karatasi ni watu kumi. Kwa mabega ya rafiki zangu, wanane.

Plaiwudi iwe ya milimita 18, na usinunue kabla hujaitazama ubavuni. Za bei chee zina mapengo ndani, pini hazishiki.

Huu mkono wa pembeni, wa kuegemeza viwiko, ni pete ya inchi nne iliyokatwa kwenye plaiwudi ya pili, sponji ngumu juu, halafu leza, ile ngozi ya kuvalisha sofa. Hapa ndipo fundi alipostahili hela yake. Mimi nikivuta leza kwenye mviringo inakunjamana kama pindo la sketi. Yeye aliitandaza juani nusu saa, ikalainika, akaivuta ikatii. Kwa ndani akaichanjachanja kila inchi moja ndipo akapiga pini. Pete imefungwa kwa bolti nane kutoka chini, nati za mabawa, ili kitambaa kikichoka naifungua bila kuvunja kitu.

Urefu nilikosea. Nilipima miguu sentimita 75 kama meza ya chakula, nikasahau kwamba pete na sponji yake vinakaa juu ya hapo. Watu kwenye viti vya plastiki wakawa wameinua viwiko kama kuku anayetaka kuruka. Nimepunguza inchi mbili, sasa safi. Na miguu ya mwanzo ilikuwa ya kugongelea moja kwa moja. Meza haikuingia mlangoni, ikalala nje siku mbili chini ya turubai. Ya sasa inafunguliwa.

Vikombe sikuvitobolea mahali, maana kila tundu unaloongeza ni kiwiko kinachokosa pa kukaa. Tunatumia stuli fupi katikati ya viti.

Gharama yote, pamoja na makosa, kama laki nne na nusu. Ukiruka velveti na sponji yangu ya kwanza utashuka. Kama unacheza mara mbili kwa mwaka, nunua kitambaa na mikeka tu, utandike juu ya meza uliyonayo. Raha nyingi utaipata.

Kitu kimoja sijakiweza. Mguu huu wa nyuma, nikiegemea hivi... mmesikia? Nimekaza bolti, nimetia mafuta, bado unalia. Fundi anasema ni mbao inakauka. Ni paini ya Mafinga, niliinunua mbichi.