TAHADHARI: Mashine za "kupima volti za seli" na unga wa kuzichaji

Wakuu, msipigwe. Matapeli wanatandika meza kando ya masoko na stendi, Kariakoo hadi Mbagala, koti jeupe mwilini na kompyuta mpakato mbele. Unashikishwa vyuma viwili, unaulizwa jina, umri, urefu na uzito, na baada ya dakika moja unasomewa hukumu: "Seli zako zimeshuka hadi milivolti 25, zinatakiwa ziwe 70." Kupima ni bei ya soda. Hela yenyewe iko kwenye kopo la unga.

Ujanja wao ni kwamba hiyo 70 haijatungwa. Utando wa seli kweli una umeme: ndani ni hasi kuliko nje, na kwenye seli nyingi za neva, zikiwa zimetulia, tofauti ni kama milivolti 70. Lakini seli ya msuli hukaa karibu na 90, na chembe nyekundu ya damu iko kwenye 10 tu, nayo ni nzima kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa "seli zako", uliza: zipi? Mwili hauna namba moja.

Halafu volti hiyo iko kati ya pande mbili za utando wenye unene usiofika nanomita 10. Kuipima lazima elektrodi (ncha ya kupimia umeme) moja iwe ndani ya seli na nyingine nje. Maabara hutumia bomba la kioo lenye ncha nyembamba kuliko mikromita moja, chini ya hadubini. Vyuma vya muuzaji vyote viwili viko nje, tena juu ya tabaka la nje la ngozi, ambalo ni seli zilizokufa. Kipimo cha moyo cha ECG hupata kama milivolti moja kifuani kwa sababu seli nyingi za moyo hubadilika kwa mpangilio mmoja. Volti ya seli iliyotulia haitoki nje hivyo.

Wengine wanakuja na maltimita ya fundi umeme, na kweli namba inapanda. Tazama vyuma: kimoja shaba, kingine kimepakwa zinki. Ukiongeza jasho la kiganja, hiyo ni betri, sawa na ile ya ndimu. Badilisha mikono bila kugusa nyaya. Kama alama ya kujumlisha au kutoa haigeuki, vinavyosema ni vyuma, si wewe. Au zungushia vyote viwili kitambaa kimoja kilicholowa maji ya chumvi: kitambaa nacho kitakuwa na "seli".

Yule wa kompyuta mwombe apime mara mbili mtu yuleyule, mara ya pili kwa jina jingine, miaka 70 na kilo 100. Majibu yakifuata alichoandika, mashine inasoma fomu. Akikataa, jibu umeshalipata.

Kubwa zaidi ni ule unga. Soma lebo: ukiona potasiamu kloraidi, simama. Seli huweka potasiamu nyingi ndani, kama milimoli 140 kwa lita, na nje kwenye damu 3.5 hadi 5 tu. Pengo hilo ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya volti. Potasiamu ya damu ikipanda kutoka 4 hadi 8, volti ambayo pengo hilo linaweza kuitoa inapungua kwa karibu milivolti 18. Yaani unga wa "kuchaji" ukizidi unashusha chaji, na msuli wa kwanza kuumia ni moyo, unaweza kusimama. Figo nzima huitoa ziada. Mwenye figo mbovu, au anayetumia dawa za presha na moyo kama spironolactone, losartan au enalapril, yuko hatarini zaidi.

Kama una wasiwasi na chumvi za mwili, kipimo kipo: elektrolaiti, damu ya mshipani, maabara ya hospitali. Vifaa tiba husajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania). Mwombe muuzaji namba ya usajili na risiti ya EFD, piga picha ya mashine na lebo, kisha peleka taarifa TMDA.

Aliyekwisha kunywa akisikia misuli kulegea, ganzi au moyo kurukaruka, aende hospitali muda huohuo, aombe ECG na potasiamu. Kopo lisitupwe, aende nalo. Daktari atataka kujua ni gramu ngapi zimeingia.