Waranti ya nyongeza ya PS (PlayStation) hapa Dodoma: ipi ulipie, ipi uiache

Swali hili hunijia kwa simu, na mara nyingi anayepiga yuko dukani, muuzaji amesimama mbele yake na kalamu mkononi. "Fundi, wananiambia nikiongeza laki mbili na nusu napata waranti ya miaka 2 zaidi. Nilipe?" Namwambia aulize kitu kimoja tu: ikiungua kwa umeme, wanatengeneza? Nasikia wakiongea pembeni, kisha anarudi kwenye simu: "Anasema umeme haumo." Basi usilipe.

Namwandikia mzazi au kijana aliyejibana mpaka akapata milioni na zaidi ya mashine ya gemu, PS5, Xbox au Switch, halafu dakika ya mwisho anaambiwa atoe nyingine. Mimi ni fundi, na najua kuna watakaodhani navutia upande wangu, kwa kuwa mashine isiyo na waranti huishia mezani kwangu. Kwa hiyo sababu zote naziweka hapa, uzipime mwenyewe.

Waranti, iwe ya kiwandani au ya nyongeza, kwa kawaida inashika kasoro ambayo mashine imezaliwa nayo. Hapa kwetu mara nyingi mashine haziharibiwi na kasoro hizo. Kuanzia Mei mpaka Oktoba Dodoma hainyeshi, na upepo wa Julai na Agosti ukianza, ukifuta meza asubuhi mchana unaandika jina lako juu yake. Kiangazi kilichopita kijana wa Chang'ombe aliniletea PS4 inayozima kila baada ya dakika 10. Nilipotoa kifuniko sikuyaona mapezi ya kipozeo. Vumbi jekundu lilikuwa limejilaza juu yake kama kipande cha blanketi. Nililishika kwa kibano likatoka zima, alama ya feni imejichora ndani yake. Chini, kwenye bodi ya umeme, kulikuwa na mende wawili waliokauka katikati ya miguu ya vipuri. Mende hupenda pale kwa sababu pana joto hata mashine ikiwa imezimwa, ilimradi imechomekwa ukutani, na mwili wake ukiunganisha njia mbili za umeme bodi inaungua. Kijana yule alikuwa na waranti ya nyongeza. Tukaisoma pamoja mstari kwa mstari: vumbi, wadudu, unyevu na kuyumba kwa umeme vyote vilikuwa kwenye orodha ya visivyomo.

Umeme ndio unaoniletea kazi nyingi kuliko vyote. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, na PS5 inapokea kuanzia 100 hadi 240, kwa hiyo siku ya kawaida haina shida. Shida ni pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, au unapopungua mpaka taa zinafifia kisha unapanda ghafla. Baada ya umeme linafuata tundu la HDMI, pale unapochomeka waya wa kwenda kwenye TV, ambalo mtoto akipita akajikwaa kwenye waya hung'oka kwenye bodi. Halafu pedi. Kijiti cha pedi nyingi kinasoma mkao kwa kipande kidogo kinachosuguana na njia ya kaboni, na njia hiyo ikilika mchezaji anatembea mwenyewe hujagusa kitu. Hilo wengi huliita uchakavu, na uchakavu waranti haiutambui, au inautambua kwa muda mfupi. Microsoft, kwa mfano, hutoa mwaka 1 kwa Xbox yenyewe lakini siku 90 tu kwa pedi ya kawaida.

Kasoro za kiwandani zipo, sikatai. Ila huwa zinajitokeza mapema, ndani ya wiki au miezi ya mwanzo, wakati waranti ya kawaida bado inaishi. Nyongeza unayouziwa mara nyingi huanza kuhesabiwa pale ya kiwandani inapoisha, yaani kipindi ambacho mashine iliyovuka mwaka wa kwanza imetulia. Na kasoro ikiwa kubwa ya kugusa watu wengi, mtengenezaji hubanwa airekebishe mwenyewe. Xbox 360 iliyotoka 2005 ilisumbuliwa na taa nyekundu tatu mpaka Julai 2007 Microsoft wakaongeza waranti ya tatizo hilo kuwa miaka 3 bila kumtoza mteja, wakatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa kazi hiyo.

Sasa nipange chaguo, la kwanza ndilo ninaloliamini zaidi.

1. Chukua mashine na waranti yake ya kawaida, hela ya nyongeza inunulie ulinzi

Tuseme umeombwa 250,000. Kitu cha kwanza ni friji gadi au stebilaiza nzuri. Friji gadi haigharimu laki moja, na kazi yake ni hii: umeme ukizidi au ukipungua inakata, na ukirudi inasubiri dakika kadhaa mpaka utulie ndipo iruhusu. Kama unaishi upande ambao umeme unakatika mara kwa mara, ongeza UPS ndogo, ile betri inayoshika umeme ukikatika. PS5 ikiwa kwenye gemu zito hula karibu wati 200, kwa hiyo UPS ya VA 650 inakupa dakika za kuseivu na kuzima kwa utaratibu. Kuzimika ghafla mashine ikiwa inaandika kwenye diski ni njia ya kupoteza kila kitu ulichocheza tangu mwaka uanze. Kwa sababu hiyo hiyo, usiiache kwenye hali ya kupumzika usiku kucha. Izime kabisa, uchomoe ukutani. Ukichomoa, na mende wanakosa joto.

Vumbi halihitaji fedha, linahitaji mazoea. Iweke juu ya meza, usiiweke sakafuni wala kwenye kabati lililofungwa nyuma. Ikipoa baada ya kuzimwa, ifunike kitambaa cha pamba, na ukumbuke kukitoa kabla ya kuwasha. PS5 ya mwaka 2020 ina matundu mawili yaliyotengenezwa makusudi kukamata vumbi. Unatoa bamba la pembeni kwa mkono, bila bisibisi, na unavuta vumbi kwa mashine ya kufyonzea. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

Jambo moja la PS5 nalisema kwa mkazo. Kati ya chipu na kipozeo Sony hawakuweka pesti ya kawaida ya kupitisha joto, waliweka metali ya majimaji. Inapoza vizuri sana, lakini inapitisha umeme. Mashine ikianguka, au ikifunguliwa na mtu asiyejua, metali ile husogea ikagusa njia za bodi na hapo hakuna tena mazungumzo ya bei nafuu. Ilaze chali badala ya kuisimamisha, hasa nyumba yenye watoto, na fundi akikuambia "nakubadilishia pesti" muulize kwanza kama anajua kilichomo ndani.

Inayobaki kwenye ile 250,000 iweke kwenye simu au kibubu, usiiguse. Mezani kwangu kubadilisha tundu la HDMI ni 60,000, vijiti vya pedi 25,000, bodi ya umeme ya PS4 karibu 120,000. Kwa watu wengi hela ile inatosha matengenezo mawili ya kweli, na usipoharibikiwa ni yako.

2. Lipia bei ya juu kidogo kwa duka ambalo waranti yake ya mwaka 1 inafanya kazi hapa nchini

Tofauti ya bei kati ya duka na duka mara nyingi inaficha jambo hili. Geuza boksi, soma namba ya modeli. PS5 yenye CFI-1215A ilitengenezwa kwa soko la Marekani, CFI-1216A kwa Ulaya. Zote zitawaka kwenye umeme wetu, lakini waranti ya kiwandani ya ile ya Marekani inakutaka uipeleke kwao. Muulize muuzaji: ikiharibika baada ya miezi mitano, naileta kwako hapa Dodoma, au naipeleka Dar es Salaam kwa gharama yangu? Siku hizi treni ya SGR imerahisisha, ilipoanza 2024 nauli ya kawaida ilikuwa Sh 31,000 na unaweza kwenda Kariakoo na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini ni safari mbili, kupeleka na kufuata, na siku mbili za kazi. Yaingize kwenye hesabu.

Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mama mmoja wa Nkuhungu alikuja kwangu na bahasha aliyoitunza vizuri kuliko cheti cha ndoa. Ndani kulikuwa na karatasi nyeupe. Risiti zile huchapwa kwa joto, na miezi ya kukaa juu ya kabati chini ya bati la Dodoma ilikuwa imefuta kila herufi. Duka lilimwambia halioni alichonunua. Piga picha risiti siku hiyo hiyo, na serial namba (namba ya utambulisho) ya mashine iliyo nyuma yake, ujitumie mwenyewe.

Hata bila karatasi ya waranti hujabaki mikono mitupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mtu anayeuza bidhaa kama biashara yake auze kitu kinachofaa kwa kazi yake, na Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu inayomlinda mlaji. Mashine iliyokufa wiki ya pili irudishe kwa upole, na kwa kujua kwamba unadai haki yako.

3. Nyongeza ya maandishi inayotaja umeme na ajali

Zipo, ingawa si nyingi, na kwa baadhi ya familia naziunga mkono. Kama una watoto wadogo watatu na sebule ni moja, kuanguka na kumwagikiwa juisi si jambo la kubahatisha. Masharti yangu ni manne. Maneno "kuyumba kwa umeme" na "kuanguka" yawe upande wa vilivyomo. Bei isizidi moja ya kumi ya bei ya mashine. Pawe na mahali pa kuikabidhi hapa mjini. Na karatasi itaje siku za matengenezo, zikipita wanakupa nyingine.

Sharti la mwisho lilinigharimu mimi mwenyewe. Zamani kidogo, kabla sijaanza kufungua mashine za kisasa, nilimnunulia mwanangu PS4 pamoja na nyongeza ya mwaka. Ilipogoma niliituma kwa basi. Wiki ya kwanza wakasema wanakagua, ya tatu wakasema kipuri kipo njiani. Wiki ya saba ilirudi kwenye boksi lile lile, haijatengenezwa, na kikaratasi kimebandikwa juu yake kimeandikwa neno moja: "Voltage". Mtoto alikuwa amelihesabia siku boksi lile likizo nzima. Nilimaliza kazi hiyo mwenyewe kwa kubadilisha kipande kimoja.

4. Bima ya vitu vya nyumbani

Hii haikutengenezei pedi. Inakulinda na wizi na moto, ambavyo waranti haigusi kabisa. Kama tayari una bima ya nyumba kwa sababu ya mkopo au kazi, muulize wakala kama PS inaingia kwenye orodha ya vitu, na hakikisha kampuni yake ina leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Kuikata kwa ajili ya PS peke yake sioni faida.

5. Neno la muuzaji wa mtumba

"Itumie mwezi mmoja, ikikusumbua niletee." Kwa mashine iliyotumika hili ndilo utakalopata, na kwa bei ile si haba. Lakini neno liandikwe, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, litaje namba ya mashine. Kabla ya kutoa hela icheze dakika 40 papo hapo kwa gemu zito, sikiliza feni, tikisa kidogo waya wa HDMI uone kama picha inakatika, na angalia kama stika za skrubu zimeshatobolewa.

6. Nyongeza iliyonunuliwa nje ya nchi

Ndugu anatoka Dubai au Marekani, amekuletea mashine na nyongeza ya miaka 3 juu. Mshukuru, ila kabla hajanunua mwambie asilipie hiyo nyongeza. Kuisafirisha kurudi kunaweza kukugharimu zaidi ya matengenezo yenyewe.

Kwa wenye vibanda vya gemu, wa Majengo, Sabasaba na karibu na vyuo, habari yenu ni tofauti. Waranti nyingi zinasema ni kwa matumizi ya nyumbani tu, na mashine inayolipiwa kwa saa haimo hata kama ina wiki moja. Msinunue nyongeza ya aina yoyote kabla hamjaonyeshwa kwa maandishi kwamba biashara inaruhusiwa. Wekeni stebilaiza moja kubwa kwa kibanda kizima, pedi za akiba zenye vijiti vya sumaku ambavyo havisuguani, na Jumatatu asubuhi, wateja wakiwa bado hawajaja, toeni vumbi.