Duka la dawa nyuma ya Soko la Majengo: jicho likivilia damu, anzieni hapa

Mtoto akipigwa kiwiko uwanjani jicho likafumba, mimi nampeleka kwenye duka la dawa muhimu lililo nyuma ya Soko la Majengo, lile lenye milango ya kijani, na ninalipendekeza kwa moyo wote. Nafundisha mpira vijana wa Nkuhungu, kwenye kiwanja cha vumbi na kokoto, na maduka ya dawa ya Dodoma nimeyazunguka mengi. Kwingine ukitamka tu "jicho", kichupa cha matone kinatua kaunta na unatajiwa bei.

Mama wa hapa hagusi rafu kabla hajauliza. "Kocha, iliyobadilika rangi ni ngozi au ni jicho lenyewe?"

Swali hilo ndilo linalonirudisha kwake. Wateja tunamletea majina ya kila namna. Mmoja anasema jicho limevimba, mwingine limetoa manundu, mwingine limevilia damu. Na tangu maradhi ya macho mekundu yaenee nchini mwanzoni mwa 2024, wapo wanaoita kila jicho baya kwa jina hilo. Yeye anayasikiliza yote. Manundu yametokana na nundu, ile ya mgongoni mwa ng'ombe, kwa hiyo akisikia neno hilo hupapasa kwanza mfupa wa nyusi na wa shavuni. Kuvilia kumetoka kwenye kuvia, yaani kukwama kabla ya kufika: mahindi yaliyokatikiwa na mvua huvia, chakula kilichozimikiwa moto huvia. Damu iliyotoka kwenye vishipa ikakosa pa kwenda chini ya ngozi, nayo imevilia. Wenzetu wameangalia rangi. Waingereza huliita jicho jeusi, Wajerumani la bluu, Wahispania la zambarau, Wafaransa la siagi iliyokaangwa ikawa nyeusi. Naipenda ya kwetu kuliko zote, kwa sababu inamwambia mzazi kinachoendelea ndani.

Na rangi zenyewe hazikai. Ngozi ya kope ni nyembamba, nyama ya chini yake imelegea, ndiyo maana jicho hufura upesi kuliko goti. Linaanza jekundu, linageuka bluu na zambarau, halafu kijani na manjano kadiri mwili unavyoivunja ile damu. Kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili hivi. Mama huyu huwaeleza wazazi mapema, maana wengi wakiona manjano hudhani jicho linaoza.

Anachosisitiza zaidi ni kukanda. Sisi tumezoea kukimbilia maji ya moto na chumvi. Yeye anasema siku ya kwanza na ya pili ni baridi tu: chupa ndogo ya maji yaliyoganda, izungushiwe kipande cha kanga, iwekwe kwa dakika kumi hadi kumi na tano, itolewe, irudiwe baadaye, na isikandamize mboni. Vuguvugu linafuata uvimbe ukishatulia. Kwa maumivu anatoa panadoli; aspirini hakupi, kwa kuwa inaweza kuongeza kuvuja damu. Nilipomwomba matone alikataa kuniuzia, akanieleza kwamba jeraha ni la ngozi, na kwamba matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yakitumika ovyo hupandisha presha ya jicho. Muuzaji anayekataa pesa yako kwa sababu hiyo anastahili kutajwa.

Tena anajua mipaka ya duka lake. Mtoto akiona vitu viwili viwili, akishindwa kuzungusha jicho, damu ikionekana mbele ya mboni, au macho yote mawili yakivilia baada ya kichwa kugongwa, hauzi chochote. Anaita bodaboda mwenyewe na kukuelekeza hospitali, General (ya rufaa ya mkoa) au Benjamin Mkapa. Kama anahisi mfupa umevunjika, anamkataza mtoto kupenga kamasi, maana hewa inaweza kupenya kuzunguka jicho.

Kuna jambo jingine nimeliona pale ambalo limenifanya nimheshimu sana. Akija mwanamke na jicho limevilia, akasema amejigonga mlangoni, mama hamuulizi mbele ya foleni. Anamkaribisha nyuma ya pazia, anamweleza kwa sauti ya chini kuhusu PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, na Dawati la Jinsia pale polisi, kisha anamwachia uamuzi. Bila karatasi ile kesi hulegea, na wengi hawajui kuidai.

Kasoro zipo. Barafu hana, itabidi uinunue kwenye kibanda cha juisi cha jirani, na umeme ukikatika hata huko hupati. Benchi ni moja, la nje, juani. Saa za jioni wakitoka sokoni foleni inakera na mgonjwa anasimama. Malipo ya simu yanapokelewa, ila chenji ya noti kubwa ni tabu.

Bei ni za kawaida, ushauri hautozwi. Jumapili hufungua mchana, baada ya ibada. Jicho likiumia asubuhi ya siku hiyo, chukueni maji ya baridi nyumbani, na mkiona dalili yoyote kati ya zile nilizozitaja, msimsubiri: nendeni General moja kwa moja.