Gitaa dogo la fundi wa Mikindani, baada ya kukaa nalo miezi minne

Nimekaa na hili gitaa miezi minne sasa, nimelipigia nyumbani hapa Lindi, nimeenda nalo kanisani, nimeenda nalo harusi mbili, limepanda basi mara sijui ngapi, ndo maana naona sasa naweza kuliongelea maana gitaa la wiki moja bado hujalijua.

Ni gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, la mtindo wa zamani, umbo dogo, ile saizi ambayo kampuni ya Martin ya Marekani wanaiita 0. Tumbo la chini nimepima lina sentimita 34 na kidogo, wakati yale makubwa ya dreadnought yaliyojaa madukani yanakaribia 40. Shingo inakutana na mwili kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya 12 sio ya 14, kwa hiyo briji, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni, inasogea chini inakaa katikati kabisa ya tumbo, na hapo ndo utamu wake unapotoka. Zamani magitaa yalikuwa hivi hivi, haya makubwa ni ya juzi, Martin wameanza kuyauza kwa jina lao 1931.

Fundi yuko Mikindani, nyuma ya nyumba yake, chini ya mnazi na bati mbili. Alianzia kwenye useremala wa milango na vitanda, akaingia kwenye magitaa kwa kufungua mabovu na kuyarudisha. Nilimpa oda mwezi wa pili nikalipa nusu, bei yote 480,000. Nikajua mwezi wa nne nachukua. Kumbe sivyo! Mwezi wa nne nafika nakuta shingo imechongwa, mbavu za pembeni zimeshakunjwa kwenye bomba la moto, ila uso, ule ubao wa mbele, na mgongo havijagundishwa, vimening'inizwa tu ndani juu ya jiko. Nilikasirika, nikaona ananizungusha kama mafundi wengine. Akaniambia "Mjomba, mbao saa hizi imekunywa mvua. Nikiifunga leo, kusi likianza kupuliza itasinyaa na imeshabanwa, itapasuka katikati. Subiri mwezi wa sita." Nikasubiri. Mwezi wa saba mwishoni akanipigia njoo. Sasa hivi namshukuru sana kwa ule ubishi wake, maana nina gitaa lingine la dukani limepasuka uso hivo hivo alivyosema, mstari mmoja kutoka kwenye briji mpaka mwisho.

Mgongo na mbavu ni mninga alioukausha darini miaka mitatu. Uso ni sprusi, hiyo anaagiza Dar maana huku haioti, vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja vikafunguliwa kama kitabu, unene milimita 2 na nusu hivi. Ndani fito kuu mbili za kukaza uso zimepishana kama X. Ubao wa vidole na briji ni mpingo, na hapa aisee niseme ukweli nilifurahi mno, maana mpingo wetu wa kusini miaka yote tunausikia unaenda Ulaya kuwa klarineti, huku kwetu unaishia vinyago, sasa leo nashika freti juu ya mpingo huo huo. Alinionyesha na risiti ya alikonunua, ni wa msitu wa kijiji upande wa Kilwa, kule ambako mwaka 2009 kuna vijiji vilipata cheti cha FSC, kile cha misitu inayovunwa kwa utaratibu bila kumalizwa. Ukienda kwa fundi yeyote muulize hiyo risiti.

Sasa nyuzi, hapa ndo nataka watu wasome vizuri. Mimi nilienda na seti yangu nene, 13 mpaka 56 (unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi), ndugu yangu alininunulia, nikijua nene ndo zinalia sana. Fundi akazishika akanirudishia. Seti ile ikityuniwa sawasawa inavuta zaidi ya kilo 80 kwa pamoja, uso mdogo wa milimita 2 na nusu utabinuka tu, leo au kesho. Akafunga zile zenye hariri chini ya waya, 11 mpaka 47, hizo zinavuta kama kilo 54. Halafu urefu kutoka mfupa wa juu unaobeba nyuzi karibu na funguo mpaka wa chini kwenye briji ni milimita 632, mfupi kidogo kuliko makubwa yenye 645, kwa hiyo uzi ule ule unakuwa laini zaidi kwenye vidole. Nilivyopiga mara ya kwanza nilishtuka, kila uzi unasikika peke yake, ukipiga besi kwa dole gumba na huku vidole vinacheza juu, hakuna anayemmeza mwenzake.

Na anavyofunga nimemuiga. Kile kitufe cha mwisho wa uzi anakishusha kwenye shimo la briji, anabonyeza kipini cha kuuziba, halafu anauvuta uzi juu mpaka kitufe kiguse ubao wa chini ya briji, ndo anabonyeza tena. Wengi tunagandamiza kipini tu, ndo maana kinaruka. Nyuzi nene anazungusha mara mbili tatu kwenye ufunguo. Kwenye mifereji ya mfupa wa juu anasugua risasi ya penseli uzi uteleze. Na hapandishi uzi mmoja mpaka mwisho, anapandisha zote kidogo kidogo.

Nilipima freti nyumbani kwa rula maana hapo ndo mafundi wengi wanaanguka. Ya 12 iko milimita 316 kamili kutoka mfupa wa juu, nusu ya 632. Njia nyingine kama huna rula, gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, halafu ukandamize hapo hapo upige, sauti zikifanana umepona. Hili zinafanana nyuzi zote sita.

Yasiyonifurahisha yapo. Funguo ni za bei rahisi, uzi wa G, wa tatu kutoka chini, unateremka kila siku, nimeshamwambia aweke nzuri hata kama bei itapanda elfu hamsini. Mfereji wa uzi wa B, wa pili kutoka chini, ulikuwa juu kidogo, nilirudi akapiga tupa bure. Halina mfuko, nimeshonesha wa turubai kwa fundi cherehani. Na harusini kwenye spika na ngoma halisikiki, hata usijaribu, hili ni la sebuleni, la kwaya ndogo, la barazani jioni.

Kwa sisi wa pwani nunueni nyuzi za fosfa bronzi, zile bronzi za kawaida chumvi inazifanya nyeusi ndani ya wiki mbili. Mimi nafuta kwa khanga kuukuu kila nikimaliza kupiga, nafika wiki tano sita.

Mvua zimeanza tena wiki iliyopita. Kila asubuhi naweka rula juu ya uso nyuma ya briji kuangalia kama imebinuka, mpaka leo rula imelala vile vile. Nimeshampa oda ya pili, la binti yangu, nimemwambia achukue muda wake.